Singh Sabha: jina moja, Nairobi hadi Southall

Swali: Shikamoo mwalimu. Kila siku ninapita karibu na hekalu la Makalasinga hapa Nairobi lenye bango la Siri Guru Singh Sabha. Binamu yangu aliyeko Southall, London, amenitumia picha ya hekalu kubwa lenye kuba la dhahabu, na jina ni lilelile. Hawa ni dhehebu, kampuni au ukoo? Mzee mmoja mtaani aliniambia kwamba kwa asili kilikuwa chama cha elimu. Ni kweli? Na je, mtu kama mimi anaruhusiwa kuingia?

Marahaba. Mzee wako kasema kweli. Watu wengi wakiulizwa Singh Sabha ni nini hujibu "ni hekalu" wakaishia hapo, lakini jengo lilikuja baadaye. Kilichotangulia ni chama, na kazi ya chama hicho ilikuwa kufundisha.

Tuanze na jina, maana nimewasikia watu wakilisoma kama namba saba. Sabha ni baraza, mkutano wa watu waliokaa kuzungumzia jambo lao. Singh ni simba, jina wanalobeba wanaume wa Kisikh tangu 1699, Guru Gobind Singh, mmoja wa Magurū (walimu wakuu) kumi wa dini hiyo, alipoanzisha jumuiya ya Khalsa. Wanawake huitwa Kaur. Mfanano wa singh na simba wetu ni sadfa tu, ingawa Joginder Singh, yule dereva mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, alifaidi pande zote mbili alipoitwa Simba wa Kenya. Na hiyo Siri ya mwanzoni ni neno la heshima, haina uhusiano na siri ya kufichwa. Kwa hiyo bango lako linasema tu kwamba hapa pana baraza la Masingh.

Si dhehebu, kwa sababu halina imani yake peke yake iliyo tofauti na ya Masingasinga wengine. Kampuni pia si yenyewe. Habari ya ukoo ina utata kidogo, nitaifikia.

Chama cha kwanza kilizaliwa Amritsar, Punjab, mwaka 1873. Kumbuka hali ilivyokuwa. Miaka ishirini na minne tu kabla ya hapo, 1849, Waingereza walikuwa wameumeza ufalme wa Masingasinga uliojengwa na Maharaja Ranjit Singh. Wamisheni Wakristo kutoka Marekani walikuwa wamefika Ludhiana tangu miaka ya 1830 na mtambo wa kuchapisha, wakitoa vitabu kwa Kipunjabi chenyewe, kwa maandishi ya Gurmukhi ambayo ndiyo maandishi ya kitabu kitakatifu cha Kisikh. Shule zao zilikuwa nzuri na zilifungua mlango wa kazi za serikali. Basi 1873 vijana wanne wa Kisikh waliokuwa wakisoma katika shule ya misheni pale Amritsar, mji wenye Hekalu la Dhahabu lenyewe, wakatangaza kwamba watabatizwa.

Wazee wakashtuka. Vijana wale walibembelezwa na hatimaye wakaghairi, lakini swali walilolifufua halikulala. Je, watoto hawa waliwahi kufundishwa dini yao na nani? Wasomi wa jadi walikuwepo, ila kila mmoja na wanafunzi wake wachache. Hapakuwa na shule, vitabu vya bei nafuu wala gazeti. Thakur Singh Sandhanwalia, Khem Singh Bedi na wenzao wakaunda Singh Sabha kwa shabaha ambazo ukizisoma leo utadhani ni za wizara ya elimu: kuchapisha vitabu vya historia na dini, kukuza Kipunjabi, kutoa magazeti, kuwarudisha waliopotea. Na wakaweka sharti moja ambalo nakuomba ulishike akilini mpaka mwisho: chama hakitaigusa serikali.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa haraka, liweke kando ya historia ya hapa Kenya. Mwaka 1929 wamisheni katika nchi ya Agikuyu walipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwaondoa watoto wao shuleni, wakajenga shule zao wenyewe, na kufikia 1939 walikuwa na chuo cha ualimu Githunguri. Watu wawili walio mbali namna hii walijifunza somo moja, kwamba atakayemfundisha mtoto kusoma ndiye atakayemfundisha pia yeye ni nani. Tofauti iko kwenye lile sharti. Githunguri ilifungwa na serikali wakati wa Hali ya Hatari, 1952. Chuo kikubwa cha Masingasinga, Khalsa College cha Amritsar, jiwe lake la msingi liliwekwa 1892 na gavana wa Kiingereza mwenyewe.

Amritsar ilianzisha, ila moto uliwashwa Lahore, mji mwingine wa Punjab, ambako Sabha ya pili iliundwa 1879. Hawa walikuwa watu wa aina nyingine, walimu na waandishi. Kinara wao alikuwa Profesa Gurmukh Singh. Mwingine, ambaye binafsi ndiye ninayempenda kuliko wote, ni Giani Ditt Singh, mtu aliyezaliwa katika tabaka lililodharauliwa na ambaye kalamu yake ilimpandisha hadi kuwa sauti ya jumuiya nzima. Awali Ditt Singh alikuwa upande wa Arya Samaj, harakati ya Kihindu iliyoingia Lahore 1877, akavunja nayo hadharani viongozi wake walipowatukana Magurū wa Kisikh. Tangu hapo magazeti yalirushiana maneno kama wapinzani wa malumbano ya ngonjera. Mabaraza yakazaana vijijini na mijini hadi yakapita mia moja. Mwaka uleule wa 1892 Ferozepur ikapata shule ya wasichana, jambo lililopingwa na wanaume wengi wa wakati huo, na kuanzia 1894 Khalsa Tract Society ikawa inatoa vijitabu vya bei ya karanga ambavyo mkulima aliweza kuvinunua sokoni na kusomewa na mwanawe.

Sasa tuvuke bahari.

Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na takribani vibarua 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi: Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Karibu 2,500 walikufa, zaidi kidogo ya 6,700 wakabaki, waliosalia wakarudi kwao. Masingasinga wengi kati yao walikuwa mafundi, maseremala, wahunzi na waashi, na ndiyo sababu mpaka leo mtu wa Nairobi akisikia "Kalasinga" anawaza gereji. (Jina hilo husimuliwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara aliyeitwa Kala Singh, aliyefika bara mapema. Wengi wao hulicheka tu, lakini ukiwa mgeni tumia "Sikh" au "Singasinga", ni adabu zaidi.) Kabla yao na pamoja nao walikuja askari. Waingereza waliwataka askari wa Kisikh washike nywele na kilemba, na vikosi vyao vilikuwa na granthi wao wa kusoma kitabu.

Swali lako la msingi, kwa nini jina ni lilelile, jibu lake liko hapa. Dini ya Kisikh haina makasisi wa kuwekewa mikono. Anayejua kusoma Gurmukhi, awe mwanamume au mwanamke, aweza kuisoma Guru Granth Sahib, kile kitabu kitakatifu, mbele ya watu. Huhitaji askofu akuruhusu kuanzisha parokia. Unahitaji kitabu, chumba safi, watu watakaochanga na mtu wa kushika daftari. Na Singh Sabha ilikuwa tayari imewafundisha watu hao namna ya kushika daftari: wanachama, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kumbukumbu za mkutano. Sisi Waafrika Mashariki tunaopenda vyama tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Fundi aliyetoka wilaya yenye Sabha alishuka Kilindini akiwa na msumeno wake na mazoea ya baraza. Alipopata wenzake kumi, akafanya alichokijua.

Na mahasimu wao wa Lahore nao walipanda meli zilezile. Arya Samaj ilianzishwa Nairobi 1903, mji ukiwa bado mabati na matope. Ule mvutano wa magazeti ukapata uwanja mpya, ingawa huku watu waliazimana sukari na kuzikana, kwa hiyo makali yalipungua.

Ibada za mwanzo zilifanyika walikokaa wafanyakazi, kwenye landi za reli, jina ambalo bado unalikuta Landhies Road na Landimawe. Gurdwara, yaani hekalu la Kisikh, ya Railway Landhies ni ukumbusho wa siku hizo. Ile ya Singh Sabha katikati ya mji, wenyewe waliiita Gurdwara ya Bazaar kwa sababu ilihudumia watu wa soko. Angalia mgawanyo huo ulivyo wa kikazi: mafundi wa reli upande mmoja, wenye maduka na makandarasi upande mwingine.

Kilifundishwa nini? Kitu cha kwanza ni herufi. Gurmukhi ina herufi thelathini na tano za msingi, na watoto huziita painti, yaani thelathini na tano, kama vile mtoto wa Lamu anavyosema anasoma alifu. Ukiwahi kukaa chuo cha Kurani ukiimba alifu, bee, tee mbele ya mwalimu mwenye kifimbo, basi umeshakaa katika darasa la Singh Sabha, badilisha herufi tu. Guru Granth Sahib ina kurasa 1,430, na lengo la somo ni siku moja mtoto aweze kuufungua ukurasa wowote akausoma bila kukwama. Halafu kirtani, kuimba tenzi za Magurū kwa kinanda cha mkono na ngoma za tabla. Sikio la Mombasa halitaona ugeni hapo, kwa kuwa vyombo hivyo viwili ndivyo vilivyobeba taarabu yetu yenye mahadhi ya Kihindi kwa miaka mingi. Historia ya Magurū kumi ilifuata, mara nyingi kwa masimulizi siku za sikukuu.

Shule za kutwa zenye jina la Khalsa zilikuja juu ya msingi huo. Serikali ya kikoloni iligawa elimu kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao na kwa uchache, kwa hiyo shule ya jumuiya ilihudumia jumuiya. Hapa ndipo nina neno la lawama. Chama kilichozaliwa kwa sababu ya shule za misheni kiliishi nusu karne katikati ya Waafrika waliokuwa na kilio hichohicho, na sijaona kwamba kiliwanyooshea mkono wa elimu kwa kiwango cha kutajwa. Sababu zinaeleweka. Sikh hatafuti waumini wapya, sheria za rangi zilibana, na lile sharti la 1873 la kutoigusa serikali lilikuwa limezama kwenye damu. Kueleweka hakufuti.

Lakini mtoto ukimfundisha kusoma, hujui atasoma nini. Makhan Singh alizaliwa 1913 katika wilaya ya Gujranwala na kuja Nairobi 1927 kumfuata baba yake, fundi wa reli. Kijana huyu alitunga mashairi ya Kipunjabi, na 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi alichokifungulia mlango mtu wa rangi yoyote. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki waziwazi, wakati viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Akakamatwa wiki chache baadaye na hakuachiwa hadi 1961. Baraza lililoapa kutoigusa serikali lingeshangaa kuona mmoja wa watoto wake amefika huko.

Nilikuahidi habari ya ukoo. Magurū walikataa matabaka, na Singh Sabha ilihubiri hivyohivyo. Langar, chakula cha bure ambapo tajiri na kibarua huketi sakafuni mstari mmoja, ndiyo mahubiri yenyewe kwa vitendo. Hata hivyo jumuiya ya maseremala na wahunzi, Ramgarhia, waliojipa jina la shujaa wao Jassa Singh Ramgarhia wa karne ya 18, walijenga gurdwara zao, na hospitali yenye jina lao iko Pangani hadi leo. Kwa hiyo katika mji mmoja utakuta hekalu la Singh Sabha, la Ramgarhia na mengineyo, kitabu kile kile ndani ya yote. Watetezi husema ni suala la usimamizi na michango. Mimi naona lilikuwa tabaka lililobadili nguo, ingawa nakiri kwamba ushindani huo uliongeza madarasa mengi kuliko ambavyo kamati moja ingejenga.

Tofauti zote hizo huyeyuka Makindu. Gurdwara ile iliyojengwa 1926 na wafanyakazi wa reli, kando ya barabara ya Mombasa, hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini. Madereva wa malori wameijua kwa vizazi. Kama kuna somo la Kisikh lililowahi kuwafikia Wakenya wa kawaida kwa wingi, limepita pale, kwa chapati na dengu.

Sasa Southall. Baada ya uhuru wa 1963, Wahindi wa Kenya walipewa miaka miwili kuchagua uraia. Wengi walibaki na pasi za Kiingereza. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwabana, wakaanza kuondoka kwa haraka, na Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache tu sheria ya Machi 1968 ya kuwazuia raia wake wenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Waliofika Uingereza waliwakuta Masingasinga waliotoka Punjab moja kwa moja miaka ya 1950, wengi wao wanaume wa viwandani waliokuwa wamenyoa na kuvua vilemba ili wapate kazi. Wa Afrika Mashariki walishuka na familia nzima, vilemba kichwani, na uzoefu wa miaka sitini wa kuendesha kamati ugenini. Wataalamu huwaita wahamiaji wa mara mbili. Walibeba hata maneno: ukienda Southall leo ukaagiza mogo, utaletewa muhogo wetu wa kukaanga.

Sabha ya Southall haikuundwa na watu wa Kenya peke yao, nisije nikakupotosha. Wapunjabi wa huko walikuwa wameianzisha kwa sababu zilezile ambazo fundi wa reli aliianzishia Nairobi. Ila ujio wa 1968 uliitia nguvu. Hekalu la kwenye picha ya binamu yako, la Havelock Road, lilifunguliwa 2003 kwa gharama ya takribani pauni milioni 17 zilizochangwa na waumini, na chama hichohicho kimeanzisha shule ya msingi ya Khalsa. Kule Gravesend, mwaka 1969, miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Guru Nanak, ilianzishwa Sikh Missionary Society, ambayo kazi yake imekuwa kutoa vijitabu kwa Kiingereza. Ni Khalsa Tract Society ileile iliyobadili lugha, kwa sababu tatizo nalo lilikuwa limebadilika: mtoto wa Southall hakuwa anavutwa na ubatizo, alikuwa haelewi kinachosomwa. Na Birmingham, Baba Puran Singh aliyetumikia miaka mingi Kericho alianzisha jumuiya ya Nishkam, ambayo sasa ina shule zake mjini humo.

Hata kesi iliyothibitisha haki ya mwanafunzi kuvaa kilemba shuleni Uingereza, Mandla dhidi ya Dowell-Lee ya 1983, ilianzia Birmingham, mtoto alipokataliwa na mwalimu mkuu wa shule binafsi. Amritsar 1873 hofu ilikuwa shule itamvua mtoto imani. Karne moja baadaye shule ilimtaka avue kitambaa, na wazazi walikuwa na majibu na mawakili.

Wapo wanahistoria wanaosema Singh Sabha ndiyo iliyochora mstari mgumu kati ya Sikh na Mhindu, mahali ambapo zamani watu waliingiliana bila kujali. Kuna kweli katika hilo. Mwaka 1905 masanamu ya miungu ya Kihindu yaliondolewa kwenye uwanja wa Hekalu la Dhahabu, na shinikizo lilitoka kwa watu wa mabaraza haya. Lakini nikimtazama yule fundi wa 1900 kwenye hema kando ya reli, asiyekuwa na kijiji, mto wala kaburi la babu yake karibu, sioni angemrithisha nini mwanawe kama si kitu kinachoweza kuandikwa na kufundishwa.

Kuhusu kuingia: ndiyo, unaruhusiwa, na hutaulizwa kadi. Nenda Jumapili asubuhi. Viatu viache mlangoni, nawa mikono, funika kichwa (vitambaa huwekwa pale kwa wageni), na sigara wala pombe zisivuke geti. Ukiingia ukumbini keti sakafuni, miguu isielekezwe kwenye kitabu. Ukitaka kuona kilichonifanya niandike jibu refu hivi, uliza kama siku hiyo kuna darasa la watoto, ukasikilize painti.